Msiiwekee Furaha Masharti

Wajukuu zangu, na nyinyi wengine ambao ni wajukuu wa wenzangu, sogeeni mketi. Pwani yetu ina desturi ya mkubwa kumwita mdogo na kumpa neno kabla hawajaachana. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alifanya hivyo mwaka 1858. Alikuwa mgonjwa, akaona umri unakwisha, akamtungia binti yake utenzi wa kumwusia namna ya kuishi na watu na kumcha Mungu. Mimi si mtunzi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga mpaka nilipostaafu. Nina neno moja tu, nalo nitalirudia mpaka liwaingie kama nilivyokuwa nikirudia jedwali la kuzidisha: msiiwekee furaha masharti.

Nawasikia mnapopiga soga hapo barazani. Mmoja anasema, "Nikimaliza chuo nitapumua." Chuo kikiisha anasema, "Nikipata ajira." Ajira ikipatikana, "Nikijenga." Nyumba ikifika kwenye linta, "Nikioa." Akishaoa anangoja watoto wakue ili apumzike. Nimefundisha watoto, nikafundisha na watoto wa watoto hao. Wapo waliofika kila pahali walipopataja, na leo ukiwauliza wanakutajia pengine. Sharti ndivyo lilivyo, likitimia huzaa jingine. Mtu anaweza kuzeeka akiwa bado yuko njiani kuelekea siku atakayoanza kufurahi, na siku hiyo asiione.

Msininunie bado. Sisemi dhiki ni tamu. Najua kijana mwenye shahada anaendesha bodaboda ya mtu, na jioni lazima apeleke hesabu kwa tajiri, abiria wawepo wasiwepo. Najua binti aliyetuma barua za maombi ya kazi mpaka akachoka kwenda posta. Mkubwa anayemwambia mwenye njaa "tabasamu tu, mwanangu" anamtukana. Mwenye kudhulumiwa ujira wake na aende akaudai, tena kwa sauti. Furaha ninayoisema haimfungi mtu mdomo, na haimzuii kutafuta maisha bora. Ninachowakataza ni kukaa miaka kumi mmekunja uso, mkidhani kununa ni sehemu ya kutafuta.

Mtaniuliza, "Bibi, furaha inachaguliwaje? Moyo unaweza kuamrishwa?" Hauamrishwi. Hakuna aliyeamka akauambia moyo wake "furahi," nao ukaitika "naam." Lakini miguu inaamrishika. Mikono inaamrishika, na ulimi pia ukiushika vizuri. Mnachochagua ni kitendo, na moyo hufuata nyuma kwa mwendo wake. Siku nyingine unachelewa, siku nyingine haufiki kabisa. Kesho mnafanya tena. Ndiyo maana nasema ni kazi ya kila siku, kama kufagia uwanja: hakuna aliyefagia Jumatatu akatarajia uwanja uwe safi hadi mwisho wa mwezi.

Mnampenda Eliud Kipchoge, basi nianze naye. Mnamwona kwenye video anakimbia maili za mwisho huku anatabasamu, mnasema huyu kaumbwa na furaha yake. Vyaelea, vimeundwa. Mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba hutabasamu kwa makusudi, hasa maumivu yanapozidi, ili mwili ulegee na akili isahau mateso ya miguu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ulster huko Ireland ya Kaskazini walilijaribu jambo hilo kwa wakimbiaji 24. Wakaona kwamba walipokimbia wakitabasamu walitumia oksijeni pungufu kuliko walipokimbia wamekunja uso. Mbio zilikuwa zile zile, na miguu ile ile.

Tazameni na maisha anayoishi. Ana mali ya kumtosha kukaa popote duniani, lakini kwa miaka mingi wiki yake imekuwa ya kambini Kaptagat, huko juu kwenye baridi ya Bonde la Ufa. Huko anaamka kabla ya jua na kukimbia na wenzake, na kazi za usafi zinagawanywa kwa zamu. Zamu yake ya kusafisha vyoo ikifika, anasafisha. Wala njia yake haikuwa tambarare. Mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 18, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 kule Paris. Mwaka 2012 alishindwa hata kupata nafasi katika timu ya Kenya ya kwenda Olimpiki ya London. Angeweza kukaa kwao Nandi akahesabu waliomdhulumu. Alihamia barabarani, na mwaka uliofuata akashinda marathoni yake ya kwanza, ile ya Hamburg. Tarehe 12 Oktoba 2019 alimaliza kilomita 42 na ushei kule Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, jambo lisilowahi kufanywa na binadamu kabla ya siku hiyo, na bado halikuandikwa kama rekodi kwa sababu ya namna mbio zile zilivyopangwa. Alisherehekea hivyo hivyo. Boston 2023 alimaliza wa sita. Paris 2024 hakumaliza kabisa. Angekuwa ameifunga furaha yake kwenye medali, angekuwa ameipoteza mara ngapi? Aliifunga kwenye kuamka, kukimbia na wenzake na kushika zamu yake, mambo ambayo hakuna mshindani awezaye kumnyang'anya.

Wala msitoke hapa mkasema bibi kawaambia mfiche huzuni. Wazee wetu walijua huzuni ni mgeni mwenye haki yake, na walimpangia pa kukaa. Mtu akifa, watu wanakaa matanga siku tatu. Waliofiwa hawawashi jiko, majirani ndio wanaopika. Wanaume wanalala nje kwenye mikeka, wanawake wanalala ndani, na kilio kinaruhusiwa. Siku ya tatu matanga yanaanuliwa. Mjane anabaki kwenye eda yake, miezi minne na siku kumi, na siku ikitimia anatolewa, anaoshwa, anavalishwa nguo nzuri. Hakuna anayemwambia amesahau. Anaambiwa sasa ni ruhusa kuishi. Tena hatolewi peke yake, wapo watu wanaomshika mkono.

Nyinyi wa siku hizi mmeyakosa yote mawili, siku za kulia na siku ya kuanua. Mnafiwa leo, kesho kutwa mko kazini mnajifanya wazima. Kisha mnaibeba huzuni ile mwaka mzima kwa siri kwa sababu haikupewa siku zake. Ndivyo ilivyo hata kwa misiba midogo: uchumba uliovunjika, mtihani uliofeli, biashara iliyokufa. Lieni. Mwiteni mtu akae nanyi. Halafu anueni.

Mwenzetu wa Tanga, Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, aliyajua haya. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, akihamishwa vituo, akilipwa kwa kipimo cha rangi ya ngozi yake. Mkewe Amina akafariki. Hakujifanya jiwe, alimlilia kwa shairi ambalo vizazi vya wanafunzi vimelisoma. Na hakuacha kuandika. Alipofariki mwaka 1962 alikuwa ameacha vitabu zaidi ya 20. Kalamu ile ile ilishika kilio, kisha ikarudi kazini.

Sasa nifike kwenye onyo lenyewe, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwa kuwa furaha inatafutwa sana, wapo wanaoiuza, na bei yake wanaisema baadaye.

Wa kwanza anauza mikeka. Sisemi mikeka ya ukindu, nasema hii ya kubeti. Mjukuu wangu mmoja alinionyesha kwenye simu: mechi kumi, elfu moja tu, ukishinda unapata laki kadhaa. Nikamwambia tupige hesabu. Tuseme kila timu uliyoichagua ni nzuri kweli, inaweza kushinda mara 7 katika kila mechi 10. Ili mkeka usichanike zinatakiwa zishinde zote kumi. Zidisha 0.7 kumi zenyewe kwa zenyewe, utapata chini ya 0.03. Yaani katika mikeka 100 kama huo, kwa wastani 97 itachanika. Aliyepanga odi anaijua hesabu hiyo kabla hujatoa elfu yako, na ndiyo inayomlipia matangazo redioni. Lakini hasara kubwa kuliko fedha ni ile ya wiki nzima. Jumatatu hadi Ijumaa unaishi kwa kungoja Jumamosi. Mke anaongea humsikii. Mtoto anakuonyesha daftari hulioni. Umempa mchezaji wa Ulaya asiyekujua funguo za moyo wako.

Wa pili anauza sherehe kwa mkopo. Mikopo mnaiita wenyewe kausha damu, na bado mnakwenda. Mtu anakopa laki moja kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi ili avae sare ya shughuli na achangie kama wenzake. Akishindwa kurudisha, analipa riba peke yake, elfu 30 kila mwezi. Mwaka ukiisha ametoa 360,000, na laki moja ya watu iko pale pale. Ameacha kadi ya benki rehani, au wamekuja kubeba godoro na televisheni mbele ya watoto. Furaha ya siku moja inayomnyima mtu usingizi mwaka mzima, hiyo ni biashara ya mwingine. Harusi ya pilau na ngoma ya mtaani ilituozesha sisi, na tulidumu. Anayekudharau kwa sare hatakulipia marejesho.

Wa tatu yuko mfukoni mwenu. Zamani mtu alijilinganisha na watu wa mtaa wake, na alijua siri zao. Yule mwenye gari alijulikana kwamba ana kesi ya kiwanja, na mwenye nyumba ya ghorofa alijulikana kwamba halali kwa kikohozi. Simu inawaonyesha magari na ghorofa bila kesi na bila kikohozi. Mnapima siku yenu nzima kwa dakika moja ya mtu aliyechagua pembe ya kupigia picha. Sijasema mtupe simu. Mimi mwenyewe naongea na dada yenu aliye Muscat kwa simu hiyo hiyo, namwona uso, nacheka naye. Ninasema iwe ya kumfikia mtu, isiwe dirisha la kuchungulia nyumba za watu.

Hapa niwaombe mnisikilize vizuri zaidi, kwa maana neno nililolianza linaweza kumuumiza mtu likitumiwa vibaya. Iko huzuni ambayo si uzembe wa kuchagua. Mtu analala nayo anaamka nayo, wiki mbili na zaidi. Usingizi umekatika au umezidi, chakula hakina ladha, hata jambo alilokuwa akilipenda halimvutii, na pengine anaanza kuona afadhali asingekuwepo. Hiyo ni sonona, ni ugonjwa, na ina matibabu. Msimwambie huyo "chagua furaha" kama ambavyo hamwezi kumwambia mwenye malaria achague ubaridi. Mshikeni mkono mwende naye hospitali, msimwache njiani. Na kama ni wewe, mwambie mtu leo.

Kule Zimbabwe yupo daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda. Alimpoteza mgonjwa wake, binti aliyejiua, na alipouliza kwa nini hawakumleta hospitali akaambiwa familia ilikosa nauli ya basi. Daktari akaona kwamba kungoja watu wamfuate ni kuwaacha wafe. Wataalamu nchini mwake walikuwa wachache mno. Akawatazama watu waliokuwa wengi na wasiohama, yaani kina bibi. Katika mtaa wa Mbare, mjini Harare, alianza na bibi 14. Aliwafunza kusikiliza na kuuliza, akawawekea benchi la mbao nje ya zahanati. Mgonjwa anakaa na bibi kwenye benchi, anaeleza yanayomsumbua. Bibi hampi hotuba. Anamsaidia kuyataja matatizo yake yote, kisha kuchagua moja tu la kuanza nalo, kisha hatua moja anayoweza kuichukua kabla hawajaonana tena. Mwaka 2016 matokeo yalichapishwa katika jarida la madaktari wa Marekani: waliokaa kwenye mabenchi yale walikuwa na nafuu kubwa baada ya miezi sita kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Nilipoelezwa habari hiyo nilicheka kwa fahari. Kumbe baraza zetu ni dawa, na bibi zenu ni waganga, ila hamji.

Angalieni walichofanya wale bibi wenzangu. Hawakumwambia mtu afurahi. Walimwambia achague hatua moja. Hilo ndilo ninalowaachia na nyinyi, kwa siku zenu za kawaida ambazo si za msiba wala za ugonjwa.

Asubuhi, kabla ya kushika simu, amkianeni na watu wa nyumba yenu. Shikamoo isiwe ya kupita nayo mlangoni. Simama, sikia marahaba, uliza kama amelala vizuri, na ungoje jibu. Usipokuwa na wa kuamkiana naye ndani, yupo muuza vitumbua hapo kona.

Fanyeni kitu kimoja kwa mikono, na mkimalize. Tandika kitanda, shona kifungo, mwagilia mchicha, osha pikipiki. Kijana asiye na kazi anaumia zaidi kwa siku zisizo na mwisho wa kitu chochote. Ukimaliza jambo moja kabla ya saa nne asubuhi, siku hiyo haikukupita bure, hata kama barua ya ajira haijaja.

Mtembeleeni mtu. Sio kumtumia ujumbe, kwenda. Mgonjwa, mzee, rafiki uliyenuniana naye kwa jambo ambalo wote mmelisahau. Na ukienda usiende na matatizo yako peke yake, nenda na masikio.

Usiku, tajeni mema ya siku hiyo, na mtaje yalipita mikononi mwa nani. Wapo wataalamu wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, waliochapisha utafiti mwaka 2003. Waliwagawa wanafunzi: baadhi waandike kila wiki mambo ya kushukuru, wengine waandike karaha zao. Baada ya wiki kadhaa walioandika shukrani waliridhika zaidi na maisha yao. Bibi yangu hakusoma utafiti, lakini hakulala bila kumtaja aliyemchotea maji siku hiyo. Mkishamtaja mtu wenu, kesho mkamwambie. Shukrani iliyobaki kifuani haimfaidishi aliyeipata kwa jasho.

Mtasema haya ni madogo. Ndiyo, ni madogo, bandu bandu humaliza gogo. Makubwa hamna uwezo nayo leo. Haya mnao, na hayahitaji mtaji wala mdhamini.

Mbona nawaharakisha mngali vijana? Kwa sababu nimeona uzee ulivyo. Wenzangu wengine leo wana nyumba, pensheni na watoto wazuri, na hawajui la kufanya na hayo yote isipokuwa kulalamika, kwa kuwa kulalamika ndiko walikokuzoea miaka hamsini. Wengine wana mkeka na redio tu, na nyumba yao haikosi watu. Sijaona mtu aliyejifunza kucheka akiwa na miaka sabini kama hakuwa amecheka na thelathini. Chuo Kikuu cha Harvard kimewafuatilia watu tangu mwaka 1938, kutoka ujana mpaka uzee. Kikaona kwamba waliokuwa wameridhika na uhusiano wao na watu walipokuwa na miaka 50, ndio waliokuwa na afya njema walipofika 80. Uhusiano huo haukununuliwa siku moja. Ulifumwa kwa salamu, kwa kutembeleana, kwa kusameheana na kwa kucheka pamoja siku ambazo hakuna lolote la maana lililotokea.

Basi tafuteni ajira, jengeni, oaneni, nami nitakuja kupiga vigelegele kama nguvu bado ninazo. Ila leo, kabla ya magharibi, kila mmoja wenu achague mtu mmoja wa kumwendea na jambo moja la kulimaliza. Kesho mrudie. Mwenyezi Mungu awape mnayoyatafuta, na siku atakayowapa, yawakute mmeshajua kufurahi.